Mke Wangu Anateleza

Mke wangu aliniambia haendi Iowa. Aliniambia akiwa jikoni anachambua dagaa, hata kichwa hakuinua. “Nenda wewe, baba watoto. Mimi na watoto tupo hapa hapa.” Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka kazini usiku, nimevua buti moja, la pili bado liko mguuni. Nikabaki hivyo hivyo kwenye kiti cha mlangoni.

Nikamuuliza, “Sababu?”

Akasema, “Iowa kuna ziwa?”

Jamani! Mtu mzima, mama wa watoto wawili, mwimba kwaya kanisani, anataka kuigawa nyumba yake kwa sababu ya ziwa. Nilichoka. Nilikuwa nimechoka tangu zamani, lakini siku ile nilichoka upya.

Iowa nilikuwa na rafiki. Kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania tulikuwa tunapanga madumu yetu kwenye bomba moja, na mpaka leo tunaitana ndugu. Alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha nyama, akanipigia kusema kuna nafasi na ya kwangu, tena ya mchana. Sikilizeni vizuri: ya mchana. Tangu tufike Amerika sikuwahi kupata shifti ya mchana. Nilikuwa nataka kulala usiku kama binadamu wengine, niamke asubuhi nikute chai na watoto mezani, niwaulize habari za shule hata kama watanijibu kwa Kiingereza. Ndicho tu nilichokuwa nakitaka, na sidhani kama ni dhambi. Supavaiza wa kule alikuwa tayari kunishikia nafasi mpaka mwisho wa Novemba, baada ya hapo anampa mwingine.

Na msinione mtu wa kutangatanga. Kuhama kwetu kote kulikuwa na maana yake. Mji wa kwanza watu wa kuhamisha wakimbizi walitupeleka Louisville, hatukuuchagua sisi. Nilipakia vifurushi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, usiku kucha, ndege zinashuka juu ya vichwa vyetu. Asubuhi nikirudi nalala, jua linapenya pazia, watoto wa jirani wanapiga mpira ukutani. Unalala huku unasikia kila kitu. Ukiamka hujui kama umelala au umefumba macho tu.

Huko Louisville ndiko mke wangu aliponiuliza mara ya kwanza, “Hapa kuna maji?” Nikamwonyesha bomba. Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe anataka maji ya kutazama. Siku yangu ya mapumziko nikampeleka mtoni, ule mto wao mkubwa wa kahawia, majahazi ya makaa yanapita polepole yakisukumwa na meli ndogo. Akasimama pale ukingoni. Jahazi likipita, maji yananyanyuka kidogo na kugonga mawe, naye anasogea mbele. Yakitulia, anarudi nyuma. Mimi nikasinzia kwenye benchi.

Halafu tukaenda Columbus, kwa sababu shemeji yangu alisema huko ghala lina paa zuri na hakuna kubeba vizito. Kweli hakuna kubeba vizito. Kuna kutembea. Unasukuma kigari cha nguo tangu jua linapozama mpaka linapochomoza, unatafuta shati la bluu kati ya mashati ya bluu. Miguu ilinivimba hadi viatu nikawa nanunua vya namba ya juu. Huko tulimpatia mke wangu maji yake pia, bwawa moja nje ya mji lenye kibao cha kukataza watu kuogelea. Tulikula chapati kwenye nyasi. Akayatazama muda mrefu, akasema, “Haya yamefungwa.” Hakuomba tena kurudi.

Niwaeleze. Mke wangu ni mtu wa Imbo, kule chini Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika. Mimi ni mtu wa milimani. Kwetu sisi maji ni kitu cha kuchota, si kitu cha kuingia. Yeye utotoni, kiangazi kikifika na ule upepo wa kusini, walikuwa wanachukua ubao wa mtumbwi uliovunjika, wanaulalia kifudifudi, mawimbi yanawaleta mpaka mchangani. Mama yake alimchapa kwa hilo mara nyingi. Baadaye vita, baadaye kambi, na kambi yetu ilikuwa porini, ziwa hakuna. Amekulia kwenye foleni ya madumu. Hakunisimulia habari za ubao ule mpaka tulipofika Buffalo, na hata huko alinisimulia kwa sababu alikuwa na lake jambo.

Buffalo, mji ulio kando ya ziwa kubwa, tulikuja kwa sababu watu wetu wako wengi. Tulipanga nyumba karibu na Grant Street, pale unapata unga wa muhogo, mawese, dagaa, unatuma hela nyumbani na unagombana na mwenye duka kwa Kiswahili. Mimi nikapata kiwanda cha vifuniko vya plastiki, shifti ya jioni inayoisha watu wakiwa usingizini. Yeye akapata kazi ya kufua nguo kwenye nyumba ya wazee. Huko akaokota rafiki, mwanamke wa Kimarekani, mzungu, mrefu, nywele zimeshaanza mvi, anakunja mashuka kama anapigana nayo. Kiingereza cha mke wangu kilikuwa kidogo na Kiswahili cha yule mama hakikuwepo, lakini walielewana, sijui kwa lugha gani.

Siku moja mwezi wa kumi karudi nyumbani macho yanawaka. “Wanateleza!” akaniambia. “Hapa hapa, ziwani! Kwenye theluji!” Yule mzungu alikuwa amemwonyesha video kwenye simu: watu wamesimama juu ya mbao, wimbi linawasukuma, na huku nyuma pwani nyeupe. Nikasema wazungu wana mambo. Nikageukia ukuta nikalala. Nilidhani yameishia hapo.

Wapi! Jumamosi iliyofuata nikajikuta mimi ndiye dereva, kwa sababu gari lilikuwa moja, na kwa sababu simwachi mke wangu aende kwa watu nisiowajua. Tukatoka Grant Street jua linawaka kabisa. Tukapita Lackawanna, pale palipokuwa na kiwanda kikubwa cha chuma na sasa kuna mapanga marefu ya upepo ya kufua umeme yanazunguka, na tulipofika ufukweni theluji ilikuwa inashuka kwa ubavu. Huo ndio mwendo wa ziwa lile, dakika hii lina uso huu, dakika ijayo uso mwingine. Upepo unalitikisa gari na mimi nimo ndani. Na watu wazima na akili zao wanavua nguo nyuma ya magari yao.

Mke wangu alibadilisha nguo ndani ya gari la rafiki yake. Alipotoka sikumtambua. Suti nene ya mpira, nyeusi, kutoka kichwani mpaka kwenye nyayo, mikono ndani ya glavu kama za kuokea mikate, uso tu ndio uko nje, nao umepakwa mafuta ya mgando mpaka unang'aa. Nilitaka kucheka. Lakini alikuwa ameshaelekea majini bila hata kuniaga.

Yule mzungu alinieleza baadaye, kwa mikono zaidi kuliko maneno. Mawimbi ya ziwa hayana heshima kama ya bahari. Ya bahari yametoka mbali, yanakuja kwa mpangilio. Haya yanatengenezwa na upepo hapo hapo, yanakuja yamepandana, hayakupi nafasi ya kuvuta pumzi. Na maji matamu hayakubebi vizuri kama ya chumvi. Upepo ukifa, nayo yanakufa. Kwa hiyo ukisikia upepo wa kusini-magharibi umeamka, unaacha ulichoshika unakwenda. Januari barafu inafunga ziwa lote, basi tena.

Kuanzia hapo nyumba yangu ikawa inatawaliwa na upepo. Mke wangu akiamka, kabla ya “umeamkaje” anaangalia simu upepo unatoka wapi. Mara tunakimbia bila kula, tukifika upepo umegeuka na ziwa limelala kama uji uliopoa, tunarudi kimya, watoto wanasonya kwenye kiti cha nyuma. Mara tumekaa kwa amani tunatazama televisheni, simu inalia, basi, suruali, viatu, twende. Na mimi nimetoka shifti! Nilikuwa nasinzia kwenye usukani kila tukisimama kwenye taa nyekundu. Nikimlalamikia anasema, “Si uniache niende mwenyewe?” Na yeye kwenda mwenyewe nilikuwa sitaki.

Wiki zote hizo hakusimama hata mara moja. Anaulalia ubao kifudifudi kama utotoni, anakuja vizuri, anajaribu kuinuka, magoti yanatetemeka, chubwi! Nasikia mpaka ndani ya gari, au nadhani nasikia. Anapotea. Mimi nimeshika mlango. Kichwa kinatokea, cheusi, anatema maji, anaurukia ubao anarudi tena. Akitoka midomo ya zambarau, barafu kwenye kope, anacheka. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kumwona anacheka vile, na nilikasirika, niseme ukweli, kwamba kitu kinachomfurahisha hivyo si mimi niliyemletea.

Lakini kilichoniudhi zaidi ni maji ya moto. Mtu akitoka ziwani vidole vinakuwa vimekufa, haviwezi kushika hata zipu. Kwa hiyo wanakuja na dumu la maji ya moto, wamelifunga kwenye taulo, wanamwagiana mikononi. Yule mzungu alikuwa anammwagia mke wangu, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, polepole, na mke wangu amenyoosha mikono kama bibi wa heshima. Mimi natazama kupitia kioo cha gari. Mnajua kwetu: kabla ya kula mke anakuja na birika na beseni, anamnawisha mume wake. Sisi hatukuacha jambo hilo, hata Amerika, hata na mabomba yote haya. Watoto wanatucheka. Kila nikila chakula changu kabla ya shifti, yeye ndiye aliyenimwagia maji. Hakuna mtu aliyewahi kumwagia yeye, nijuavyo mimi. Sasa anamwagiwa na mzungu wa kazini.

Ndiyo hivyo hali ilivyokuwa siku aliponiambia haendi Iowa. Tuligombana siku hiyo, na kesho yake. Nikamwambia mke hufuata mumewe. Akasema, “Nimekufuata Louisville, nimekufuata Columbus, nimekufuata hapa. Nimenyamaza kote. Hapa kuna maji, na mimi nabaki.” Nikamwambia na watoto je? Akasema watoto wana shule. Nikamwambia na mimi je, nife na shifti za usiku? Aliniangalia kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko matusi. Alikuwa ananipenda na haendi. Nilijua kabisa kwamba nikipanda basi kwenda Iowa napanda peke yangu, na mtu akishapanda peke yake, kurudi si rahisi. Nimeona wengi wakianza hivyo, mume mji huu, mke mji ule, mwishoni wanasalimiana kwenye harusi za watoto.

Basi nikaona nipeleke jambo kwa Mungu. Kanisa letu lilikuwa mtaa wa Kensington-Bailey, kwenye jengo lililowahi kuwa duka la mazulia. Nusu yetu Warundi, nusu Wakongo, na mchungaji ni Mkongo wa Kivu, mtu mwema, mwenye sauti kubwa na Kiswahili cha kwao kilichochanganyika na Kifaransa. Jumatano jioni kulikuwa na maombi, nami nilikuwa nimepewa mapumziko. Mke wangu alikuwa kazini. Mchungaji akasema mwenye hitaji asimame. Nikasimama.

“Wapendwa,” nikasema, “naomba mniombee. Mke wangu anateleza. Ameanza mwezi wa kumi, na sasa hata kuhama na mimi hataki.”

Nyuma yangu mama mmoja akasema, “Yesu wangu!”

Mchungaji akashuka pale mbele akanishika bega. “Pole sana, papa. Donc, iko nateleza na nani?”

“Na mwanamke mmoja wa kazini kwake. Mzungu.”

“Mzungu!”

“Na wengine wapo, wanaume kwa wanawake. Wanajuana wote.”

“Bon. Na ni wapi?”

“Ziwani, ukipita Lackawanna. Upepo ukiwa mkali wanapigiana simu, wanakutana.”

“Na huko wanakunywaka?”

“Baridi ile, baba mchungaji, wakimaliza lazima wanywe kitu cha moto.”

Watu wakaguna. Mchungaji akafumba macho kidogo. “Papa, weye mwenyewe umeona, ao watu ndiyo wamekuambia?”

“Nimeona kwa macho yangu! Si mimi ninayempeleka? Nakaa ndani ya gari, nawasha hita, nasubiri amalize.”

Weee! Kanisa zima lilivuta pumzi. Mzee wetu wa kanisa, Mrundi mwenzangu, akavua miwani akafuta macho kwa leso. Wakanizunguka, wakaniwekea mikono kichwani, mgongoni, mabegani, wakaomba kwa machozi. Sijawahi kuombewa vile. Nikasema moyoni, kumbe watu hawa wananipenda, angalia wanavyolilia safari yangu ya Iowa. Nilirudi nyumbani roho imetulia.

Mnacheka. Mimi sikulifikiria neno. Nyumbani kwetu tulikuwa tunasema kuteleza, tungesemaje tena? Mtu yuko juu ya wimbi, anateleza. Ilinitoka kichwani kabisa kwamba kanisani mtu akiteleza ametoka kwenye wokovu, na hasa hasa ametoka nje ya ndoa yake.

Alhamisi kiongozi wa kwaya akampigia mke wangu simu, akamwambia Jumapili asivae sare, apumzike kwanza. Mke wangu akamuuliza apumzike nini, hakujibiwa. Ijumaa akapita dukani Grant Street, mama wawili wa kanisani wakamkumbatia kwa nguvu na kumwambia “jipe moyo.” Akaja kuniuliza nani amefiwa. Nikasema sijui, na kweli nilikuwa sijui.

Jumamosi, ndiyo ile siku ambayo Iowa walikuwa wanataka jibu, mlango ukagongwa. Mchungaji, suti na tai. Mzee wa kanisa, koti refu. Mama kiongozi wa wanawake, kitenge juu ya koti la baridi. Wakaketi kwenye sofa wamebanana. Mke wangu akaenda kuchemsha chai. Mimi nikafurahi, nikajua wamekuja kumshawishi kuhusu Iowa.

Mama kiongozi akamshika mke wangu mikono. “Mwanangu, tunakupenda. Kuteleza kunaweza kumpata yeyote. Muhimu usianguke.”

“Kuanguka naanguka kila siku, mama,” mke wangu akasema. “Naanguka mpaka maji yanaingia masikioni.”

Mama kiongozi akaanza kulia.

“Na hauko na haya?” mchungaji akauliza. “Mbele ya watu?”

“Haya ya nini, baba mchungaji? Hata waliozoea wanaanguka. Wananicheka kidogo, halafu wananiinua.”

Mzee wa kanisa akanigeukia mimi. “Na wewe, mwanaume, unakaa ndani ya gari?”

“Baridi, mzee,” nikasema.

Hapo mke wangu akaweka birika mezani. Akawatazama mmoja mmoja, akanitazama mimi kwa muda. “Ngojeni kwanza,” akasema. “Baba watoto, kanisani ulikwenda kusema nini?”

“Nilisema unateleza. Kwani uongo?”

Alifunika mdomo kwa mkono. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye zulia, kama siku ile ya bomba kule Louisville, na wageni wakazidi kuogopa. Halafu kicheko kikakatika akawa anafuta machozi kweli kweli. “Kwaya wamenisimamisha,” akasema. “Kwaya! Mimi! Baba watoto, umenianika mbele ya kanisa zima.” Ndipo nikaanza kuelewa, jibu moja baada ya jingine, na kila jibu nililolikumbuka lilikuwa baya kuliko lililotangulia.

Simu yake ikalia. Aliisoma, akasimama. “Upepo umeamka,” akasema. “Vaeni makoti yenu. Twendeni wote mkaone ninavyoteleza.”

Hakuna aliyethubutu kukataa. Tulikwenda na magari mawili. Nilikuwa nafikiri: nimemaliza. Kama kulikuwa na nafasi ndogo ya yeye kuja Iowa, nimeizika mwenyewe, tena kwa kuombewa.

Ufukweni kulikuwa na mvua ya barafu, ile inayochoma uso. Mchungaji akasimama na viatu vyake vya ibada kwenye mchanga uliolowa, tai inampiga shavuni. Mke wangu akatoka kwenye gari la rafiki yake amevaa ile suti nyeusi, ubao kwapani, na mama kiongozi akasema taratibu, “Ndiyo hii nguo ya kubana?” Sikumbuki kama nilitaja nguo ya kubana. Habari ilikuwa imeshaota miguu.

Akaingia. Wimbi la kwanza likamtupa. La pili likamtupa. “Anaanguka!” mama kiongozi akapiga kelele, na kila mke wangu akianguka yeye anashika mkono wa mzee. Mchungaji alikuwa anaomba kwa sauti, na upepo unambebea maneno. Mimi nilitoka ndani ya gari siku hiyo, nilikuwa nimeona aibu ya kukaa. Nikagundua nje si kama kupitia kioo. Ziwa linanguruma. Mke wangu alikuwa mdogo sana kule, doa tu, na maji makubwa ya kijivu yanampandia, naye hakimbii. Nilimwogopea, halafu nikamwonea wivu. Mimi kazi inanichosha na nikitoka sina kitu. Yeye anatoka kufua mashuka ya wazee, amechoka vile vile, na anakuja kuchoka huku kwa hiari yake.

Ndipo likaja lile moja. Nililiona likivimba nyuma yake. Akapiga maji kwa mikono, wimbi likamchukua, akaweka mikono ubaoni, goti moja, mguu, mguu wa pili. Akasimama. Amekunja magoti, mikono imetanuka, anakuja kwetu.

“Eh!” mchungaji akasema. “Eh, eh! Lakini huyu hateleze! Iko nasimama! Mnaona? Mama iko nasimama!”

Mama kiongozi akapiga vigelegele mpaka wale wazungu majini wakageuka. Mzee akavua kofia, kwenye mvua ile ya barafu, akaishika kifuani.

Akashuka kwenye maji ya magotini, akaja anatembea kwa shida, mikono ameinyoosha mbele, vidole havikunjiki. Alikuwa anacheka na meno yanagongana. Akatafuta kwa macho rafiki yake amwagie maji ya moto, na rafiki yake bado alikuwa kule mbali majini. Dumu lilikuwa mchangani, limefungwa taulo. Wote tuliliona. Mke wangu akasimama mbele yetu na mikono yake ile iliyokufa, anangoja.

Nikalichukua. Nikamvua glavu, nikaanza na mkono wa kushoto, polepole, kutoka kwenye kiganja kwenda vidoleni, kama yeye anavyonifanyia. Mvuke ukapanda. Mzee wa kanisa akakohoa. Mama kiongozi akasema, “Ee, baba watoto, leo wewe ndiye unanawisha?”

“Vidole vyake vimekufa, mama,” nikasema, nikaendelea kumwaga.

Mke wangu alikuwa anaangalia maji yanavyopita kwenye vidole vyake. Hakuwa anacheka tena. Akasema kwa sauti ndogo, mimi tu nisikie, “Ukienda Iowa, huku nani ataninawisha?”

Nilimkasirikia. Angenipigia kelele ningepata la kujibu. Nilikuwa nimesimama na dumu, miguu inauma, macho yana mchanga wa usingizi wa miaka, na nilikuwa naiona ile asubuhi yangu ya Iowa, chai mezani, jua dirishani, na kiti chake hakina mtu.

Simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa yule rafiki yangu wa Iowa. “Ndugu yangu,” akasema, nyuma yake mashine zinalia, “supavaiza amesimama hapa na mimi. Unakuja au huji?”

Nikamwambia, “Nafasi mpe mwingine.”

“Umepatwa na wazimu? Shifti ya mchana! Kuna nini?”

Nilimtazama mke wangu. Mchungaji na wenzake walikuwa wanarudi kwenye gari wanapigwa na upepo. Ningeweza kumweleza mwenzangu habari zote, tangu Imbo na ubao wa mtumbwi. Nilikuwa nimechoka.

“Mke wangu anateleza,” nikasema.

Nikasikia anasogea mbali na mashine. “Pole, ndugu yangu,” akasema. “Pole sana. Basi kaa naye. Sisi huku tutawaombea.”

Nikamwambia asante, mtuombee. Nikakata simu, maana mkono wa kulia ulikuwa bado.